Wingu Binafsi na Maghala ya Tabora: Kazi ya Programu Huria

Katika karne ya 19, msafara uliotoka Bagamoyo ulitembea kwa miezi miwili, mitatu au zaidi kabla ya kufika Unyanyembe, nchi ya Wanyamwezi ambamo mji wa Tabora ulikua. Hapo njia iligawanyika. Moja ilielekea Ujiji na Ziwa Tanganyika, nyingine ilielekea kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Vitambaa na shanga kutoka pwani, pamoja na pembe za ndovu kutoka bara, viliwekwa katika tembe za Kazeh na Kwihara. Njia hiyo hiyo ilipitisha watu waliotekwa na kuuzwa utumwani, jambo ambalo historia ya Tabora haiwezi kulifunika.

Kila mwenye bidhaa alikuwa na maswali mawili: ghala langu liko mikononi mwa nani, na njia ikifungwa itakuwaje? Maswali hayo hayakuwa ya bure. Mwezi Oktoba 1871 David Livingstone alirejea Ujiji akiwa mgonjwa, akakuta bidhaa alizozitegemea zimekwisha kuuzwa na mtu aliyekabidhiwa kuzitunza. Mwaka huo huo vita kati ya Mtemi Mirambo na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora viliifunga njia ya kwenda Ujiji. Henry Stanley, aliyekuwa Kwihara, alikaa huko karibu miezi mitatu, kisha akalazimika kuzunguka kwa upande wa kusini.

Leo Tabora inapitiwa na njia ya namna nyingine. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, yaani nyaya za kioo zinazopitisha habari kwa mwanga, umeunganisha mikoa ya magharibi na pwani, na pwani imeunganishwa na dunia kwa mikongo ya baharini. Mkongo wa SEACOM ulianza kazi mwaka 2009, na ule wa EASSy ukafuata mwaka 2010. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo hiyo miwili ilikatika baharini kwa wakati mmoja, na intaneti ikadhoofika sana Tanzania na katika nchi kadhaa jirani. Taasisi ambayo data zake zote zilikuwa katika kompyuta za ng'ambo ilijikuta katika hali ya msafiri aliyesubiri Kwihara: mali anayo, lakini njia ya kuifikia hana.

Maswali ya zamani, basi, yamerudi. Makala haya yanaeleza njia mojawapo ya kuyajibu, ambayo ni kujenga wingu binafsi kwa kutumia programu huria.

WINGU NI NINI?

Neno "wingu" humfanya mtu afikiri kwamba data zinaelea hewani. Sivyo. Wingu ni kompyuta halisi, za chuma na waya, zilizopangwa kwenye rafu ndani ya chumba chenye umeme na ubaridi wa kutosha. Kompyuta hizo, ambazo huitwa seva, zinatofautiana na seva za kawaida kwa jinsi zinavyotumiwa. Katika utaratibu wa zamani kila kazi ilipewa seva yake. Katika wingu, seva zote huunganishwa kuwa hazina moja, na kila mtumiaji hupewa sehemu anayoihitaji kwa muda anaouhitaji.

Hazina hiyo ikimilikiwa na kampuni inayokodisha nafasi kwa yeyote, huitwa wingu la umma. Ikimilikiwa na taasisi moja kwa matumizi yake yenyewe, huitwa wingu binafsi. Tofauti yao ni ile iliyopo kati ya kukodi chumba katika ghala la mtu mwingine na kujenga ghala lako.

Tuchukue mfano wa kubuni. Chuo kimoja mkoani Tabora kina idara tano, na kila idara ina seva yake yenye kumbukumbu ya gigabaiti 64. Jumla ni gigabaiti 320. Lakini kila idara, kwa wastani, hutumia gigabaiti 16 tu, kwa hiyo matumizi yote ni gigabaiti 80. Robo tatu ya kumbukumbu iliyonunuliwa imekaa bure. Hata hivyo, seva ya matokeo ya mitihani hulemewa wiki ya matokeo, huku ile ya maktaba iliyo karibu nayo ikiwa haina kazi. Seva mbili tu, zenye jumla ya gigabaiti 128, zingeweza kubeba mzigo wote. Tukiongeza ya tatu kwa usalama, chuo kinahitaji seva tatu badala ya tano.

JINSI KOMPYUTA MOJA INAVYOKUWA NYINGI

Msingi wa wingu ni ufundi wa kuigawa kompyuta moja ili ifanye kazi kama kompyuta kadhaa zilizotengana. Kila moja ya hizo huitwa kompyuta dhahania. Ina kumbukumbu yake, diski yake na programu zake, na haijui kwamba ina majirani. Ikiharibika, jirani zake huendelea na kazi.

Wazo hili si geni. Kampuni ya IBM ililitumia katika kompyuta zake kubwa tangu miaka ya 1960. Kilichobadilika ni kwamba kuanzia mwaka 2005 watengenezaji wa vichakataji vya kompyuta za kawaida walianza kuweka ndani ya vichakataji hivyo maagizo maalumu ya kusaidia mgawanyo huo. Mwezi Februari 2007 programu iitwayo KVM, inayotumia maagizo hayo, iliingizwa katika kiini cha Linux. Tangu hapo mtu yeyote mwenye kompyuta ya kawaida na Linux aliweza kuigawa bila kununua leseni.

MNYAPARA WA WINGU

Kugawa seva moja ni rahisi. Kusimamia seva nyingi kwa pamoja ndiyo kazi ngumu. Nani ataamua kompyuta dhahania mpya iwekwe kwenye seva ipi? Nani atahakikisha kwamba mhasibu haoni data za maktaba? Kazi hiyo hufanywa na programu ya usimamizi.

Programu huria inayojulikana zaidi kwa kazi hiyo ni OpenStack. Ilianzishwa mwaka 2010 kwa ushirikiano wa NASA, shirika la anga la Marekani, na kampuni ya Rackspace. OpenStack ni mkusanyiko wa programu, kila moja ikiwa na kazi yake. Nova husimamia kompyuta dhahania, Neutron mtandao, Cinder diski, na Keystone hutambua kila mtumiaji na kujua ruhusa aliyopewa. CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa chembe za atomu, kimeendesha wingu lake kwa OpenStack tangu mwaka 2013. Kwa taasisi ndogo zipo programu huria nyepesi zaidi, kwa mfano Proxmox VE, ambayo fundi mmoja anaweza kuisimika kwenye seva chache.

Utendaji wa Nova unafanana na kazi ya mnyapara wa msafara. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kiasi cha frasila mbili, yaani karibu kilo 32, na mnyapara alipaswa kujua nani ana nguvu na nani amechoka kabla ya kugawa mizigo. Nova nayo hufanya hivyo kwa hatua mbili. Kwanza huchuja: seva isiyo na kumbukumbu ya kutosha, au iliyo mbovu, huondolewa. Kisha hupima: kati ya zilizobaki, huchagua inayofaa zaidi, kwa mfano ile yenye nafasi kubwa kuliko nyingine.

KWA NINI TATU?

Msomaji huenda amejiuliza kwa nini chuo chetu kilihitaji seva tatu, hali mbili zilitosha kwa mzigo. Sababu ya kwanza ni hesabu ya kumbukumbu. Seva moja ikifa, mbili zinazobaki zina gigabaiti 128, nazo zinatosha kwa 80 zinazotumika na kuacha nafasi kwa programu za usimamizi zenyewe.

Sababu ya pili ni ya kimantiki. Tuseme kuna wasimamizi wawili tu, na waya unaowaunganisha ukatike. Kila mmoja hataweza kujua kama mwenzake amekufa au amepotezana naye tu. Wote wawili wakijitwalia madaraka na kuandika kwenye diski moja, data zitaharibika. Wakiwa watatu, upande wenye wawili unajua kwamba una wingi wa kura, kwa hiyo unaendelea na kazi. Yule aliyebaki peke yake anajua kwamba hana wingi huo, naye hujizuia. Hii ndiyo sababu idadi ya wasimamizi wa wingu huwa witiri: 3, 5 au 7.

Sababu ya tatu ni hifadhi. Programu huria iitwayo Ceph huunganisha diski za seva zote na kwa kawaida huhifadhi kila kipande cha data katika nakala tatu, kila nakala kwenye seva tofauti. Usalama huo una bei yake. Kila seva ikiwa na terabaiti 8, jumla ni 24, lakini nafasi ya kutumia ni terabaiti 8 tu.

MAANA YA HURIA

Programu huwa huria pale msimbo wake, yaani maagizo yaliyoandikwa na watunzi wake, unapokuwa wazi kwa yeyote kuusoma, kuutumia, kuubadilisha na kuugawa. Afrika ya Mashariki imekwisha kuonja faida za uhuru huo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake kutoka Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi katika lugha ya Kiswahili. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu msimbo wa OpenOffice ulikuwa wazi, na hapakuwa na haja ya kumwomba mtu ruhusa. Wizara ya Afya ya Tanzania nayo hukusanya takwimu za vituo vya tiba kwa kutumia DHIS2, programu huria ambayo ukuzaji wake huongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo.

Katika usimamizi wa wingu uhuru huo una uzito wa pekee, kwa kuwa programu ya usimamizi ndiyo inayoshika ufunguo wa ghala zima. Mfano ulitokea hivi karibuni. Mwezi Novemba 2023 kampuni ya Broadcom ilikamilisha ununuzi wa VMware, kampuni ambayo programu zake za kugawa seva zilitumiwa na taasisi nyingi sana duniani. Mwezi uliofuata ilitangaza mwisho wa kuuza leseni za kudumu. Kuanzia hapo mteja alitakiwa kulipa kwa vipindi. Taasisi nyingi zilijikuta zina seva na zina data, lakini masharti ya kuziendesha yamebadilishwa na mtu mwingine. Katika programu huria mtunzi anaweza kubadili masharti ya matoleo yajayo, lakini hawezi kukunyang'anya toleo ulilokwisha kulipokea.

GHARAMA YA UHURU

Isidhaniwe kwamba programu isiyouzwa haina gharama. Wingu binafsi linahitaji umeme usiokatika, betri na jenereta za akiba, na ubaridi wa kutosha hata katika joto la Tabora la mwezi Oktoba. Zaidi ya yote linahitaji watu. OpenStack hutoa toleo jipya mara mbili kwa mwaka, na wingu lisilosasishwa huacha mlango wazi kwa wadukuzi. Taasisi inayomtegemea fundi mmoja tu imehamisha ufunguo kutoka kwa kampuni ya mbali hadi mfukoni mwa mtu mmoja. Siku akiondoka, ghala limefungwa.

Aidha, nakala tatu katika chumba kimoja si kinga dhidi ya moto wala mafuriko. Hapana budi kuwe na nakala nyingine katika mji mwingine. Hapo mkongo unaopita nchini una manufaa makubwa, kwa kuwa data zinaweza kusafiri kati ya Tabora na Dodoma bila kuvuka bahari. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, inaweka masharti juu ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Anayeziweka nyumbani ana safari fupi zaidi ya kuyatimiza, ingawa wajibu wa kuzilinda unabaki palepale.

Kwa hiyo si kila taasisi inapaswa kujenga wingu lake. Shule moja yenye kompyuta kumi haina haja nalo. Vyuo, hospitali na halmashauri kadhaa zikishirikiana, hesabu huwa tofauti, kwa sababu gharama ya mafundi na umeme hugawanywa, na hakuna anayebaki na fundi mmoja tu.

Mwalimu anayetaka kuanza hahitaji kungoja seva. Kompyuta ya kawaida yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 inaweza kuendesha Linux na KVM pamoja na kompyuta dhahania mbili ndogo. Wanafunzi waizime moja kwa ghafla na kuona kama nyingine inaendelea. Kisha wajaribu kuzigawia kumbukumbu zaidi ya iliyopo, na waandike kinachotokea.

Livingstone alikaa Kwihara tangu Februari hadi Agosti 1872, akisubiri wapagazi ambao Stanley aliahidi kuwatuma kutoka pwani. Walipofika aliondoka, kwa kuwa sasa alikuwa na watu wa kumwezesha kusafiri na bidhaa zilizo chini ya mkono wake mwenyewe. Programu huria zimekwisha kufika, na mkongo umekwisha kutandazwa. Wanaosubiriwa ni mafundi, nao wamo katika madarasa ya leo.