Kumtambua na Kumwainisha Mjusi Miguu-Utando wa Jangwa la Namib: Funzo kwa Uundaji wa Istilahi za Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna mjusi wa jangwani Pachydactylus rangei anavyotambuliwa, na namna uainishaji wake ulivyobadilika tangu 1908. Hoja inayotetewa ni kwamba jina la Kiswahili la spishi lijengwe juu ya sifa inayoonekana, uhusiano wa kinasaba uachiwe jina la kisayansi, na majina hayo mawili yaandikwe pamoja katika hati za sera.

1. Utangulizi

Mwezi Agosti 2019 Kiswahili kilikubaliwa kuwa lugha rasmi ya SADC, jumuiya ambayo Namibia, Angola na Afrika Kusini ni wanachama wake. Hatua hiyo iliileta lugha mbele ya mazingira na viumbe ambao wasemaji wengi wa pwani na bara ya Afrika Mashariki hawajapata kuwaona. Kiswahili kina majina mahsusi kama kenge, kinyonga na guruguru. Hata hivyo, kundi zima la mijusi ambao wengi wao hukwea kuta na magome limebebeshwa jina moja, mjusi kafiri, ambalo kwa msemaji wa kawaida ni yule mjusi mdogo awindaye wadudu karibu na taa ya nyumbani. Mjusi wa Namib hakwei kuta wala haishi majumbani. Je, aitweje, na kwa msingi gani?

2. Utambuzi

Utambuzi ni kazi ya kusema kiumbe aliye mkononi ni wa spishi gani. Makazi ya mjusi huyu ni mchanga wa jangwa la Namib, kuanzia kusini-magharibi mwa Angola, kupitia Namibia, hadi pembe ya kaskazini-magharibi ya Afrika Kusini. Ngozi yake ni nyororo na hupenyeza nuru kiasi, mgongo wake una rangi ya waridi na kahawia, na tumbo ni jeupe. Macho ni makubwa, mboni zimesimama wima, na hayana kope za kufumba, hivyo huyasafisha kwa ulimi. Hutoka usiku, na hunywa matone ya ukungu wa bahari yanayotua juu ya mwili wake.

Sifa inayomtenga kwa haraka ni miguu. Vidole vya miguu yote minne vimeunganishwa kwa utando, mithili ya mguu wa bata. Bata hutumia utando kuogelea. Mjusi huyu huutumia kuchimba na kusukuma mchanga. Ndugu yake wa karibu, Pachydactylus vanzyli wa sehemu za kaskazini za jangwa hilo, ana utando mdogo zaidi. Mwaka 2021 watafiti walichapisha ugunduzi kwamba milia iliyo ubavuni mwa P. rangei na ngozi inayozunguka macho hung'aa kijani inapomulikwa kwa mwanga wa urujuanimno, na kwamba chanzo cha mng'ao huo ni seli za rangi zilizo ndani ya ngozi.

3. Uainishaji

Uainishaji ni kazi tofauti: kusema spishi hiyo ina udugu na zipi. Mwaka 1908 L. G. Andersson alimweleza mjusi huyu kwa mara ya kwanza na kumwekea jenasi yake mwenyewe, Palmatogecko, jina linaloashiria mguu wenye utando. Uamuzi huo ulikuwa na mantiki, kwa kuwa miguu ya namna ile si ya kawaida kwa mijusi wa kundi lake. Mwaka 1966 Steyn na Haacke walimweleza ndugu yake na kumwekea jenasi nyingine, Kaokogecko. Baadaye naye alihamishiwa Palmatogecko.

Ushahidi wa DNA ulibadili picha hiyo. Mwaka 2005 Bauer na Lamb walionyesha kwamba mijusi hawa wawili wamo ndani ya ukoo wa Pachydactylus, jenasi kubwa ya kusini mwa Afrika ambayo jina lake la Kigiriki lina maana ya vidole vinene. Utando, basi, ni zao la maisha ya mchangani lililochipuka ndani ya ukoo uleule. Kuwatenga kwa sababu yake kungekuwa sawa na kumtoa mtoto katika ukoo kwa sababu ya kazi anayoifanya.

Mabadiliko hayo yanasomeka katika uandishi wa jina: Pachydactylus rangei (Andersson, 1908). Mabano yanaonyesha kwamba Andersson aliieleza spishi hii akiwa ameiweka katika jenasi nyingine. Mfasiri anayeyaondoa akidhani ni pambo huwa amefuta taarifa.

4. Athari kwa Istilahi na Sera

Njia tatu za kumpa jina mjusi huyu zinaweza kupimwa. Ya kwanza ni kupanua matumizi ya mjusi kafiri. Njia hii inavuta maana ya mjusi wa nyumbani, na neno kafiri lina mzigo wa kidini usiohitajika katika hati ya kisayansi. Ya pili ni kutafsiri jina la jenasi. Laiti Kiswahili kingefanya hivyo kabla ya 2005, jina lingelazimika kubadilishwa. Na kama kingefanya leo, mjusi mwenye miguu ya utando angeitwa "vidole-vinene". Ya tatu ni kutaja sifa ya spishi na makazi yake: mjusi miguu-utando wa Namib. Jina hili lingebaki lilelile katika kipindi chote ambacho jenasi ilibadilika, kwa kuwa miguu yenyewe haikubadilika.

Suala hili linagusa utekelezaji wa sheria pia. Lygodactylus williamsi, mjusi mdogo wa msitu wa Kimboza mkoani Morogoro, amewekwa katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES tangu 2017 kwa sababu ya biashara ya wanyama wa kufugwa. Dume ni wa buluu inayong'aa, lakini jike ana rangi ya kijani au shaba na ni rahisi kumchanganya na spishi nyingine. Afisa wa mpakani aliyepewa mwongozo unaosema "mjusi" pekee hana namna ya kujua ni kiumbe yupi azuiwe na yupi aruhusiwe.

5. Hitimisho

Jina la kawaida humsaidia msomaji kumtambua kiumbe. Jina la kisayansi humweleza ukoo wake na hubadilika kadiri ushahidi unavyobadilika. Inapendekezwa kwamba mabaraza ya Kiswahili yaandae orodha za majina ya spishi kwa kushirikiana na wanabiolojia, yakianza na zile zinazolindwa kisheria, na kwamba kila jina la Kiswahili liambatane na jina kamili la kisayansi, pamoja na mabano yake.