Simu za Wanafunzi

Enyi wazazi wa Musoma, Bunda na Butiama, mwajua kwamba shule zetu za serikali humkataza mwanafunzi kuingia na simu ya mkononi. Katazo hilo twaliunga mkono, lakini halitoshi. Mwaka 2019, huko Kiwanja wilayani Chunya, mabweni yaliteketea baada ya wanafunzi kunyang'anywa simu, na Mkuu wa Mkoa wa Mbeya akawachapa viboko wanafunzi 14 walioshukiwa. Je, viboko vile vilimfunza yeyote kuitumia simu vyema? Sheria ya Ufaransa ya mwaka 2018 yakataza simu, ila yaruhusu zitumike kwa masomo. Nasi twataka kanuni ya namna hiyo: kompyuta mbele ya mwalimu, na jioni mzazi aketi karibu na mtoto, akione anachokitazama.