Mchoraji wa Maofisa Mateka

Miongoni mwa watoto wa walowezi waliolelewa katika mashamba ya kahawa nchini Kenya alikuwamo John Worsley, aliyezaliwa Liverpool mwaka 1919. Alirejeshwa Uingereza angali mdogo, akasomea uchoraji London, na vita vilipozuka mwaka 1939 akaingia katika jeshi la majini.

Huko baharini hakuiacha penseli yake. Aliwachora wenzake wa melini wakiwa kazini na mapumzikoni, na michoro hiyo ikaipendeza kamati ya serikali iliyosimamia wachoraji wa vita. Mwaka 1943 akateuliwa kuwa mchoraji rasmi. Novemba mwaka huo huo, katika bahari ya Adria, akatekwa na Wajerumani.

Walimpeleka Marlag, kambi ya mateka wa majini karibu na Bremen. Hapo aliendelea kuchora sura za maofisa wenzake. Ofisa aliyepokonywa meli na madaraka hubakiwa na uso wake tu, na mchoraji aliyeziangalia nyuso hizo mwezi baada ya mwezi alijua vyema namna shavu linavyobonyea na jicho linavyochoka.

Ujuzi huo ulihitajika mwaka 1944. Mateka walikuwa wakitolewa kwa makundi kwenda kuoga nje ya seng'enge, na walinzi huwahesabu wakienda na wakirudi. Je, mmoja akibaki nyuma, hesabu itatimiaje? Worsley akafinyanga kichwa cha mtu kwa karatasi zilizorowekwa, akakipaka rangi ya ngozi. Macho yalikuwa mipira ya ping-pong, nayo yalipepesa kwa kipande cha kopo la dagaa kilichoning'inizwa ndani ili kibembee. Sanamu hiyo waliiita Albert. Ilipelekwa bafuni vipande vipande, ikaunganishwa huko, ikavikwa koti na kofia ya ofisa, ikarudi kambini imeshikiliwa katikati ya safu. Walinzi wakahesabu, idadi ikatimia!

Luteni Mewes, aliyetoroka kwa hila hiyo, alikamatwa baadaye kabla ya kuvuka mipaka ya Ujerumani. Albert alifanyiwa filamu mwaka 1953, akawa mashuhuri kuliko aliyemuumba, jambo ambalo si haki sana. Worsley alifariki mwaka 2000. Michoro yake ya kambini, pamoja na sura za maofisa wale waliosubiri, imehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya vita mjini London.