Je, Wajua? Zoezi Unalolipenda Ndilo Litakalodumu

Wengi wetu tulifundishwa mazoezi kwa njia ya adhabu. Ulichelewa mstarini, uliruka kichura. Ulipiga kelele darasani, ulizungushwa uwanja. Tumekua, na bado tunayaendea mazoezi kwa unyonge, kana kwamba mwili umetenda kosa. Haujatenda. Soma haya, kisha uamue upya.

Je, wajua kwamba babu wa mashine ya kukimbilia alikuwa chombo cha adhabu? Mwaka 1818 mhandisi Mwingereza William Cubitt alibuni gurudumu kubwa lenye vidato, na wafungwa wakawa wanalikanyaga saa nyingi kila siku. Mwandishi Oscar Wilde alikuwa miongoni mwa waliotumikishwa hivyo, mwaka 1895.

Je, wajua kwamba lengo la hatua 10,000 kwa siku halikutoka kwa madaktari? Lilitoka Japani. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni moja iliuza kifaa cha kuhesabia hatua na kukipa jina la idadi hiyo. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2019, uliofuatilia wanawake wazee zaidi ya 16,000, ulionyesha kwamba waliotembea hatua zipatazo 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko waliotembea 2,700. Faida iliendelea kupanda hadi hatua 7,500 hivi, kisha ikatulia. Safari yako ya sokoni kwa miguu ina thamani kubwa kuliko unavyodhani.

Je, wajua kwamba makondakta waliifundisha dunia kuhusu moyo? Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walitangaza walichokiona kwenye mabasi ya ghorofa ya London: madereva, waliokaa siku nzima, waliugua moyo zaidi kuliko makondakta waliopanda na kushuka ngazi wakikata tiketi. Makondakta hao hawakuwa na ratiba ya mazoezi. Walikuwa kazini tu. Morris mwenyewe aliishi hadi miaka 99.

Je, wajua kwamba unaweza kupima kasi yako kwa mdomo? Ukiweza kuzungumza lakini kuimba kukakushinda, uko kwenye mwendo wa wastani. Ukishindwa hata kumaliza sentensi, mwendo ni mkali. Waliokimbia mchakamchaka shuleni wanakumbuka: kiongozi anaimba, kundi linaitikia, na hakuna anayeachwa nyuma akihema.

Je, wajua kwamba kundi hupunguza maumivu? Mwaka 2009 watafiti wa Oxford waliwapima wapiga makasia 12. Walipofanya mazoezi pamoja, uwezo wao wa kustahimili maumivu uliongezeka karibu mara mbili ya ulivyoongezeka kila mmoja alipofanya peke yake, ingawa kazi ilikuwa ileile. Vikundi vya jogging vya Dar es Salaam vinalijua hilo kwa vitendo: watu hukimbia pamoja, hucheka pamoja, na mwenzao akifiwa huenda pamoja.

Je, wajua kwamba dakika za mwanzo hudanganya? Utafiti wa Kanada wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba kabla ya kuanza, watu hudhani watayafurahia mazoezi kidogo kuliko wanavyoyafurahia kweli. Sababu ni kwamba fikra zao hung'ang'ania mwanzo, ambao ndio mchungu.

Je, wajua kwamba mwisho nao una siri yake? Mwaka 2016 watafiti walilinganisha watu walioanza kwa mwendo mwepesi wakamalizia kwa nguvu, na wengine walioanza kwa nguvu wakaendelea kupunguza. Hao wa pili waliyakumbuka mazoezi yao kwa furaha zaidi. Ukishapasha mwili, tanguliza kilicho kigumu, umalizie kwa ulaini.

Je, wajua kwamba wanariadha bora wa mbio ndefu hufanya sehemu kubwa ya mazoezi yao, takriban asilimia 80, kwa mwendo mwepesi? Fika Iten, Kenya, alfajiri, utawaona mabingwa wakianza polepole kabisa. Ikiwa bingwa haoni haya kwenda pole, wewe unaharakia nini?

Je, wajua kwamba siku moja ukiikosa haiharibu mazoea? Watafiti wa London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea mazoea mapya. Kwa wastani ilichukua siku 66 jambo kuzoeleka, wengine siku 18, wengine zaidi ya 200. Aliyekosa mara moja hakurudi mwanzo. Endelea ulipoishia.

Je, wajua kwamba kupungua uzito si kipimo kizuri cha mazoezi? Wahadzabe wa kaskazini mwa Tanzania hutembea sana kila siku kutafuta chakula. Hata hivyo, utafiti wa mwaka 2012 uligundua kwamba jumla ya nishati wanayotumia kwa siku, ukizingatia ukubwa wa mwili, inalingana na ya watu wa Marekani na Ulaya. Mizani inaweza isisogee hali moyo, usingizi na akili vinanufaika. Usiyaache mazoezi kwa sababu ya mizani.

Je, wajua kwamba uzee hauzuii nguvu kurudi? Mwaka 1990 madaktari wa Marekani waliwapa wazee 10 dhaifu, wenye miaka 86 hadi 96, mazoezi ya kunyanyua uzito kwa wiki 8. Nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174.

Je, wajua kwamba misuli hujengeka ukiwa umepumzika? Anayejichosha kila siku huku akijinyima chakula anajidhuru: mifupa hudhoofika, na kwa wanawake hedhi inaweza kukatika. Ukiona unakimbia ili kufuta dhambi ya chapati uliyokula jana, simama. Kula si kosa.

Je, wajua kwamba hata dakika chache zinahesabika? Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 inamtaka mtu mzima afikishe dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki. Si lazima zije kwa mkupuo. Kulima, kufua, kuteka maji na kupanda ngazi vyote vimo.

Je, wajua kwamba Kigali hufunga baadhi ya barabara zake kwa magari mara mbili kwa mwezi, Jumapili asubuhi, ili wananchi wakimbie, watembee na kuendesha baiskeli? Utaratibu huo ulianza mwaka 2016. Miji yetu mingine inaweza kuiga.

Basi wiki hii usijiulize ni zoezi gani litakukondesha. Jiulize ni lipi ungelifanya hata kama lisingekukondesha: ngoma, kuogelea, mpira wa mchangani, kuruka kamba, rede na watoto. Hilo ndilo lako. Mwenye maradhi ya moyo au kisukari amwone daktari kwanza. Kisha anza taratibu, tafuta mwenzako, acha ukiwa bado una hamu, na urudi kesho kutwa.