Banda la nguruwe ni kinga ya watoto pia

Katika kaya nyingi za nyanda za juu za Ufipa, nguruwe ni akiba. Shule zinapofunguliwa Januari, ndiye anayeuzwa ili mtoto apate sare, viatu na madaftari.

Namna ya kuitunza akiba hiyo ndiyo yenye mtihani. Mahindi na maharage yakiwa shambani, nguruwe hufungwa kamba mguuni au kubanwa kwenye kibanda chenye tope. Baada ya mavuno huachiwa azurure na kujitafutia chakula. Mazoea yote mawili humtesa mnyama, na la pili linaweza kumletea mtoto ugonjwa.

Sheria inasemaje?

Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Inamtambua mnyama kuwa kiumbe mwenye hisia, na inazingatia uhuru wa aina 5: asipate njaa na kiu, awe na mahali pazuri pa kukaa, asiachwe na maumivu au maradhi bila tiba, aweze kuishi kwa tabia yake ya asili, na asiishi kwa hofu na mateso.

Ulaya, mvutano mkubwa ulihusu vizimba vyembamba ambamo jike mwenye mimba hawezi hata kugeuka. Umoja wa Ulaya ulivipiga marufuku kwa sehemu kubwa ya ujauzito kuanzia Januari 2013. Vijijini Sumbawanga, shida ni kamba, tope na kuzurura.

Hatari kwa watoto

Nguruwe anayezurura hula kinyesi cha binadamu vichakani. Kikiwa na mayai ya minyoo aina ya tegu, nyama yake huota vifuko vidogo vyeupe. Mtu akila nyama hiyo bila kuiva vizuri, tegu hukua tumboni mwake, naye huanza kutoa mayai chooni.

Mayai hayo yakifika kwenye mikono, maji au mboga mbichi, mtu mwingine huyameza. Mwilini huwa vifuko, na vikijijenga kwenye ubongo huweza kuleta kifafa. Hivyo hata mtoto ambaye hajawahi kuonja kitimoto anaweza kuugua.

Mtoto akipata degedege au kifafa, apelekwe kituo cha afya mapema. Si laana wala kurogwa.

Banda lisilo la gharama kubwa

Banda bora si lazima liwe la saruji. Mabanzi, miti na paa la nyasi vinatosha, mradi sakafu iwe kavu na nguruwe aweze kugeuka, kulala akijinyoosha na kwenda haja mbali na anapolala. Juni na Julai, baridi ya Ufipa inapokaza, watoto wa nguruwe wawekewe nyasi kavu nyingi.

Kumfungia bila kumlisha ni kumtesa upya. Pumba za mahindi pekee hazitoshi. Zichanganywe na mashudu ya alizeti au dagaa, na majani mabichi. Maji yawepo wakati wote, kwani jike anayenyonyesha huweza kunywa zaidi ya lita 20 kwa siku.

Banda pia hupunguza hatari ya homa ya nguruwe ya Afrika, isiyo na tiba, ambayo huweza kumaliza nguruwe wote wa kaya kwa siku chache. Mabaki ya vyakula, hasa yenye nyama ya nguruwe, yasipewe mifugo.

Banda peke yake halitoshi kama nyumba haina choo. Kila mmoja atumie choo, watoto wanawe mikono kwa sabuni wakitoka kulisha mifugo, na nyama iwe imekaguliwa na kupikwa hadi iive ndani.

Kabla ya kununua mtoto mwingine wa nguruwe, mzazi amwone afisa mifugo wa kata na kuhesabu kwanza gharama ya banda, maji na chakula. Nguruwe mmoja anayetunzwa vizuri ni akiba bora kuliko watano wanaozurura.