Skolashipu ya Ng'ambo: Maandalizi Huanzia Nyumbani

Watu wa Ulaya ya Kaskazini si wageni Mtwara. Katika miaka ya 1970 Wafini walisaidia kuchimba visima katika vijiji vyetu. Kisha, kuanzia mwaka 1988 hadi 2005, mradi wa RIPS uliogharimiwa na Ufini ulifanya kazi Mtwara na Lindi. Hata vyuo vya maendeleo ya wananchi, kama kile cha Mtawanya, vilianzishwa nchini kuanzia mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa Uswidi.

Wao walikuja kwetu. Je, mwanamke wa huku, mwenye mume na watoto, naye aweza kwenda kwao kusoma? Ndiyo, aweza. Lakini wengi hukwama kabla hata ya kujaza fomu, kwa sababu hawakujiandaa nyumbani.

Nani aweza kuomba?

Tuchukue mfano wa Uswidi. Tangu mwaka 2011 wanafunzi wanaotoka nje ya Ulaya hulipa karo huko. Kwa hiyo, bila mfadhili ni vigumu mno. Mfadhili anayejulikana zaidi ni Taasisi ya Uswidi, ambayo hufadhili shahada ya uzamili. Mwombaji anatakiwa awe na shahada ya kwanza na awe amefanya kazi kwa saa 3,000, yaani kama mwaka mmoja na nusu wa kazi ya kila siku. Anayechaguliwa hulipiwa karo na bima, na hupewa posho. Katika mwaka wa masomo 2024/2025 posho hiyo ilikuwa krona 12,000 kwa mwezi.

Jambo la kututia moyo ni kwamba taasisi hiyo hutazama pia uongozi, na si wa ofisini tu. Mama aliyekuwa mwenyekiti wa kikoba au kiongozi wa umoja wa akina mama ana la kuandika, mradi apate barua yenye sahihi na mhuri. Usidharau kazi hiyo, dada yangu.

Orodha ya nchi zinazoruhusiwa hupitiwa kila mwaka. Kwa miaka mingi Tanzania imekuwamo, lakini hakikisha kwanza kwenye tovuti ya taasisi yenyewe.

Kalenda yafuatana na korosho

Maombi ya vyuo vya Uswidi hufunguliwa katikati ya Oktoba na kufungwa katikati ya Januari. Ada ya kuomba ni krona 900. Maombi ya ufadhili hupelekwa peke yake, kwa kawaida mwezi Februari, na masomo huanza mwishoni mwa Agosti. Kwa familia ya Mtwara, Oktoba ni msimu wa korosho. Basi tengeni fedha za ada hiyo na za pasipoti mapema, kabla fedha za mauzo hazijakwisha kwa sare za shule na madeni ya dukani.

Jina lako ni lipi?

Hapa ndipo wengi wetu hupata taabu. Cheti cha kidato cha nne kina jina la baba, kitambulisho kina jina la mume, na cheti cha kuzaliwa kimeandikwa vingine kabisa. Wa ng'ambo akiona majina matatu, atajuaje kuwa ni mtu mmoja? Toa vyeti vyote sandukuni uvilinganishe. Tofauti ikiwapo, mwone wakili akuandalie hati ya jina sasa, wala usingoje barua ya kukubaliwa ifike.

Ufadhili hauuzwi

Huenda mtu akakupigia simu na kusema amekwisha kukupatia nafasi, bali utume fedha za kushikilia jina lako. Usitume. Ada ya kweli hulipwa moja kwa moja kwa ofisi inayopokea maombi, nawe hupata risiti yake. Hakuna mfadhili wa kweli anayepokea fedha kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Mtoto wako anayemaliza kidato cha sita naye mweleze jambo hili, maana vijana ndio wanaowindwa zaidi.

Mume, watoto na wazee

Ufadhili wa Taasisi ya Uswidi hauna posho ya mume wala watoto, na shahada ya uzamili huchukua mwaka mmoja au miwili. Hili lisemwe nyumbani mapema, kwa upole na bila kuficha. Nani atakaa na watoto? Nani atalipa karo zao? Mtoto mchanga je? Mwulize mama yako, na mwulize mama mkwe. Na kwa sisi ambao ukoo hufuata upande wa mama, mjomba naye asisikie habari kwa majirani.

Zipo njia nyingine zisizotenga familia kwa muda mrefu hivyo. Kwa miaka mingi wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Muhimbili wamesomea uzamivu nusu Uswidi na nusu nyumbani, wakienda kwa miezi michache na kurudi. Chuo cha Sokoine nacho kina uhusiano wa siku nyingi na chuo cha kilimo cha Ås, Norwei. Aliye kazini na aulize ofisini au chuoni alikosoma, kwa maana nafasi nyingi za aina hii hupitia huko.

Na ikiwa familia itaona wakati bado, si aibu. Vyeti vilivyo sawa, pasipoti na barua zenye mihuri vitakufaa hata mwaka ujao. Anza na sanduku la vyeti wiki hii, mume wako akiwa karibu yako, ili safari iwe ya nyumba nzima.