Kusafisha Kifyatulio cha Bunduki na Kukitia Mafuta

Mmiliki wa bunduki ya kuwindia anayeijali mali yake huipaka mafuta kila arudipo porini. Tabia hiyo ni njema kwa mtutu, lakini kwa kifyatulio inaweza kuwa hatari. Mafuta ya cherehani, grisi, na hata mafuta ya kupikia ambayo baadhi ya watu huyatumia yakikosekana mengine, hujikusanya ndani ya kifyatulio, hunasa vumbi na hatimaye huganda mithili ya utomvu. Bunduki yenye kifyatulio cha namna hiyo yaweza kufyatuka bila kidole kuigusa.

Katika bunduki ya bolti, pini ya kupigia husukumwa na springi yenye nguvu. Kinachoizuia isiruke mbele na kugonga fataki ya risasi ni kipande kidogo cha chuma ambacho hapa tutakiita kishikizi. Kishikizi nacho huegemea ukingo mwembamba, ambao mara nyingi upana wake haufiki milimita moja. Baada ya kila mlio, springi ndogo hurudisha vipande hivi mahali pake. Mafuta yaliyoganda yakiwa katikati, kipande huweza kuishia njiani, nayo bunduki ikafyatuka wakati wa kufunga bolti, wakati wa kuondoa kizuizi cha usalama, au kwa kugongwa tu. Baridi ya alfajiri, saa ambayo wawindaji wengi huwa kazini, huyafanya mafuta kuwa mazito zaidi.

Mwaka 2014 kampuni ya Remington ya Marekani iliwataka wateja wairudishie bunduki za Model 700 na Model Seven zenye kifyatulio cha X-Mark Pro, zilizotengenezwa kati ya tarehe 1 Mei 2006 na 9 Aprili 2014. Sababu iliyotolewa ni gundi iliyozidi wakati wa kuunganisha vipande. Wamiliki hawakuwa na kosa lolote. Aliye na bunduki ya aina hiyo, hasa aliyeinunua kwa mtu, asiitumie kabla ya kuhakikisha kwa muuzaji au fundi mwenye leseni kwamba ilirekebishwa.

Kabla ya kusafisha, elekeza mtutu upande usio na mtu, toa magazini, vuta bolti, kisha tazama chemba na uipapase kwa kidole. Macho peke yake hudanganya, hasa mahali penye giza. Risasi zote zipelekwe chumba kingine. Mtutu usafishwe kuanzia nyuma, mdomo wake ukiwa umeinama chini, ili dawa ya kusafishia isitiririkie kwenye kifyatulio. Kwa sababu hiyohiyo, bunduki iliyotoka kupakwa mafuta ihifadhiwe kwanza mdomo ukiwa chini.

Kifyatulio chenyewe hakihitaji kufunguliwa. Soma kitabu cha mtengenezaji. Kikiruhusu, toa bolti na umwagie kifyatulio kiasi kidogo cha mafuta ya kujazia viberiti vya petroli, ambayo huyeyusha uchafu na kukauka bila kuacha utando. Kazi hii ifanyike nje, mbali na sigara, jiko na watoto, na kitako cha mbao kikingwe kwa kitambaa kwa kuwa vanishi huharibika. Acha kikauke kabisa. Kitabu kikisema kibaki kikavu, kiache kikavu. Kikitaka mafuta, tia tone moja la mafuta mepesi ya bunduki kwenye ncha ya sindano na uliguse pale tu palipoonyeshwa. Skrubu zilizozibwa kwa rangi zisiguswe: ndizo zinazopima ule upana usiofika milimita.

Mwisho, bunduki ikiwa bado tupu, rudisha bolti na uifunge kwa nguvu mara kadhaa; pini isifyatuke. Weka kizuizi cha usalama, vuta kifyatulio, kiachie, kisha ondoa kizuizi; hapo pia isifyatuke. Piga kitako kwa kiganja. Ikifyatuka hata mara moja katika majaribio haya, usirudie kwa matumaini kwamba ilikuwa bahati mbaya. Ifungie bila risasi na uipeleke kwa fundi wa silaha mwenye leseni, ukiwa na kibali chako cha umiliki, na udai stakabadhi inayotaja kasoro aliyoikuta na kazi aliyoifanya.